Jogoo Aliyekomboa Kilima

1

Alicheka kwanza. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye watu walisimulia kana kwamba Twilumba Kihwele aliruka kitini tangu mwanzo kama shujaa. Hakuruka. Alikuwa ameketi peke yake katika chumba cha ghorofa ya kumi na moja, kwenye mji wa bandari ulio kaskazini kabisa mwa dunia, ambako majira yale jua halizami. Linazunguka tu pembeni mwa anga kama mgeni asiyejua kuaga. Mbele yake ukuta mzima ulikuwa ukionyesha msiba wa Lihangwe, kule Songea, na katikati ya msiba ule alikuwa amesimama yeye mwenyewe.

Yaani kivuli chake.

Kivuli kilikuwa kimejifunga khanga, kimesimama ukingoni mwa kaburi na kutanua mikono, kikipiga kelele: "Hapazikwi mtu hapa! Mzee Gama alikuwa mtani wangu, ameondoka hata kuniaga hakuniaga. Nipeni kilima hiki chote, na makaburi yake, na nyie walaji wa panya mhame, ndipo mumzike!"

Waombolezaji wakaangua kicheko humohumo ndani ya machozi. Binti mkubwa wa marehemu, Mama Walburga, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, akajifuta uso kwa upindo wa khanga na kujibu kwa sauti iliyokauka kwa kulia: "Chukua! Chukua kilima, chukua na makaburi, kawafugie humo hao mbwa mnaowatafuna. Tuache tumzike mzee wetu!" Akaletwa jogoo mwekundu. Kivuli kikampokea, kikambana kwapani, kikapisha njia. Mzee Gama akashushwa kwa amani.

Twilumba alicheka mpaka akashika mbavu. Ni yeye aliyekifundisha. Mngoni na Mhehe walipigana zamani mpaka wakachoka, na waliochoka kupigana wakabaki kutaniana. Mmoja akifiwa, mwenzake ana haki ya kuja kuzuia kaburi, kutukana wafiwa, kudai kisichodaika, mpaka apewe kitu kidogo cha kumwondoa njiani. Akishakipokea, yote aliyoyadai yamerudi kwa wenyewe. Hata mtoto wa darasa la pili analijua hilo. Mjomba wake Twilumba aliwahi kujilaza ndani ya kaburi la Mngoni mmoja akidai godoro, na alitolewa kwa kibuyu cha togwa.

Halafu akasikia kicheko chake kikigonga kuta za chumba na kumrudia, akakumbuka kuwa hajacheka kwa sauti tangu majira ya theluji. Ndipo alipoona maandishi chini ya picha.

*Ridhaa ya ukoo: imepatikana. Eneo: kilima cha Lihangwe, pamoja na makaburi. Mwenye sura athibitishe. Kuanza kuchimba: Alhamisi.*

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

2

Kampuni ilikuwa inajenga reli ya sumaku, kutoka Mbamba Bay ziwani hadi Pemba baharini, si kile kisiwa bali mji wa nchi jirani, nchi mbili na mpaka mmoja katikati. Mabehewa yake hayakugusa chuma. Yalielea upana wa kidole juu ya njia na kwenda mbio kuliko ndege ndogo, na kwa sababu ya mbio hizo njia haikutaka kona. Kilima kikikaa mbele, kilima kinakatwa.

Miaka ya mwanzo kampuni ilituma wanasheria. Vijiji viliwapokea vizuri sana. Walipewa viti, walipewa soda, waliitikiwa "ndiyo" kwa kila walilosema, na wakiondoka hakuna jambo lililosogea. Waliporudi walipewa soda nyingine. Wakubwa wa ng'ambo walikaribia kufunga virago, mpaka mtafiti wao mmoja alipoandika sentensi iliyobadilisha mradi: watu hawa hawafanyi shughuli kubwa na mtu asiyekuja kuzika.

Sasa, vijiji ni hamsini na sita, na misiba haisubiri zamu. Ndiyo maana walimnunua Twilumba. Siyo yeye mzima, jamani. Walinunua sura, sauti, mwendo, namna yake ya kuinamisha kichwa akitoa pole. Wakatengeneza miili hamsini na sita ya mpira na nyuzi, viganja vikitiwa joto la damu ya mtu, na kila mmoja wakaujaza kumbukumbu: nani anaumwa, nani kajifungua, nani ana ugomvi wa mpaka wa shamba. Kwa mujibu wa sheria kila kivuli kilivaa kibao shingoni ili watu wajue kuwa si mtu. Watu walijua. Mwaka wa kwanza walikicheka kile kibao, mwaka wa pili wakakizoea, mwaka wa tatu wakaanza kuwapa watoto wao jina la Twilumba.

Na kulikuwa na sheria mbili zilizobeba mradi wote. Ya kwanza: sauti ya kivuli ni sauti ya mwenye sura, kikisema, yeye kasema, na kikipokea, yeye kapokea. Ya pili ilitungwa na nchi zote mbili kwa nia njema kabisa, ili kuwalinda wasiojua kusoma: mkubwa wa ukoo akitamka mbele ya mashahidi, tamko lake linashinda saini yoyote.

Sharti lililomuuma Twilumba lilikuwa dogo, mstari mmoja tu. Mwenye sura asionekane mahali popote vivuli vyake vinapofanya kazi. "Wakiwaona wawili," walimweleza, "wataanza kuchagua." Kwa hiyo miaka tisa hakukanyaga nyumbani. Kama fidia, walimpa kivuli cha hamsini na saba. Hicho hakikuwa cha reli. Kilikaa Kilolo na mama yake, Bi. Imakulata, ambaye alikuwa na miaka themanini na minne na akili iliyoanza kumponyoka. Kilimpikia uji, kilimsindikiza kanisani, kilimsuka nywele.

Zamani Twilumba alikuwa akipiga simu Kilolo. Siku moja alimwita mama yake, na mama akageuka kukitazama kivuli, akakiuliza, "Mwanangu, nani huyo anayeiga sauti yako?" Tangu siku hiyo hakupiga tena. Akawa anatazama tu ukutani.

3

Msimamizi wake aliitwa Eskil, mzaliwa wa mji uleule, mtu mpole anayevua viatu mlangoni na kuja na mkate aliouoka mwenyewe. Twilumba hakuwahi kufanikiwa kumchukia.

"Nimeutazama msiba mara nne," alisema Eskil, akiwa ameketi ukingoni mwa kiti. "Yule mama anasema chukua. Analisema mara mbili."

"Ni utani, Eskil."

"Lakini amesema."

"Wewe mtu akikwambia njaa inamuua, unampeleka hospitali?"

Eskil akatabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Mwenye sura ndiye anayethibitisha. Ukiandika kuwa ile si ridhaa, mimi binafsi nitakuamini. Tatizo ni kwamba utani umetumika katika vijiji thelathini na kimoja. Wanasheria wa nchi zote mbili watafungua kila kimoja. Vivuli vitazimwa saa hiyohiyo, maana ndivyo sheria inavyotaka. Vyote."

"Hata cha Kilolo?"

"Kina sura ileile. Hata cha Kilolo." Akaugeuzageuza mkate mezani. "Na reli ikisimama, wawekezaji wataondoka, na zahanati tulizojenga zitaondoka nao. Unazijua zahanati hizo. Unajua nani anatibiwa humo. Ni makaburi, Twilumba. Tutayahamisha kwa heshima zote. Kuna wazima wanaosubiri dawa."

Hapo ndipo shida ilipo, ndugu yangu. Angekuwa anasema uongo, kazi ingekuwa nyepesi. Twilumba alimfungulia mlango, na alipobaki peke yake akagundua kuwa ameushika ule mkate kifuani kama mtu aliyepakata mtoto.

4

Mkataba ulimkataza kuzungumza na kijiji chochote. Siku ya Jumanne alipiga simu Lihangwe.

"Kamwene, mtani," akaitikia Mama Walburga, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetwanga au anayepepeta. "Mbona simu tena? Si umetoka hapa sasa hivi? Umesahau nini, mbwa wako?"

Miaka tisa mtu hajamtania. Furaha ya kijinga kabisa ikamjaa, akataka tu aendelee kutukanwa.

"Nilitaka kujua hali, mama. Baada ya msiba."

"Hali njema. Ila nyie Wahehe mmezidi sasa! Mmekuja mkapigilia na vigingi kilimani, vigingi vyekundu, kutoka kaburi la bibi mpaka la marehemu baba. Tumecheka sisi, mpaka padri kacheka. Wajukuu wamening'iniza panya mkavu kwenye kimoja, wanasema hicho ndicho chakula cha mgeni wa kilima. Lini unakuja kuving'oa? Jogoo si ulishapewa?"

"Mama Walburga."

"Ee."

"Vigingi vile si utani. Kampuni imeandika kuwa umewapa kilima. Alhamisi wanaleta mashine."

Kile kilichokuwa kinatwangwa kikaacha kutwangwa.

"Lakini jogoo ulimpokea," akasema Mama Walburga taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. "Nilikupa kwa mikono yangu hii. Mtani akipokea kitu chake, maneno yameisha. Au kwenu siku hizi hayaishi?"

"Kwetu yanaisha, mama."

"Basi waambie." Akavuta pumzi. "Baba hajamaliza hata arobaini. Wewe ulimlilia, Twilumba. Nilikuona. Ulimlilia au hukumlilia?"

Twilumba hakuwahi kumjua Mzee Gama. Hakujua hata alikuwa mrefu au mfupi. Aliikata simu, na aibu aliyoisikia ilimkalisha sakafuni.

5

Siku nzima ya Jumatano alitazama ukuta wa Kilolo.

Bi. Imakulata alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, miguu kainyoosha juani, na kivuli kimepiga magoti nyuma yake kikimsuka twende kilioni, mistari inayokwenda nyuma moja kwa moja. Mama alikuwa anasimulia habari ya siku Twilumba mdogo alipotumbukia kwenye pipa la pombe ya ulanzi, akatolewa amelewa na anaimba, na mbuzi wao kalewa naye. Kivuli kilikuwa kinacheka mahali panapostahili. Hata kilimkumbusha jina la mbuzi. Kilikuwa kinavuta nywele polepole, hakimuumizi.

Nani atamsuka? Twilumba alijiuliza hivyo, na akaona haya, kwa sababu swali la haki lingekuwa la zahanati, la dawa, la watu wa vijiji thelathini na kimoja. Lakini moyo haupangwi. Mwanamke mzee alikuwa na furaha, furaha ya kweli, na mkono wa kuizima ulikuwa wa binti yake. Kwa upande wa pili kulikuwa na watu waliocheka juu ya kaburi kwa sababu walimwamini mtani. Ukichukua neno la mtu alilolisema akilia na kucheka, ukalifanya hati, kesho atasemaje tena? Kila mtu atazika kimya, akihesabu maneno.

Alikuwa amezoea kusema kuwa vile vivuli si yeye. Miaka tisa alijifariji hivyo: kimesema kivuli, kimeahidi kivuli, mimi niko zangu huku. Saa tisa ya mchana ule akaifungua fomu, na pale palipoandikwa *thibitisha* au *kanusha* hakugusa popote. Akaandika kwenye nafasi ya maelezo:

*Mimi, Twilumba Kihwele, ndiye niliyesimama kwenye kaburi la Mzee Gama wa Lihangwe. Nilidai kilima nikiwa mtani wake, nikapewa. Kisha nikapewa jogoo mwekundu, nikampokea. Picha inaonyesha. Kwa desturi yetu na yao, nilipompokea jogoo nilikirudisha kilima. Kwa sheria yenu, kivuli kikipokea, mimi nimepokea. Kilima ni cha ukoo wa Gama tangu siku ileile. Na kila kijiji ambako nilidai kwa utani na kupokea kitu, nimerudisha.*

Akaituma kabla mkono haujapata akili nyingine.

Ukuta ulikuwa umegawanyika vyumba hamsini na saba vidogo. Vikaanza kuzimika kimoja kimoja. Kivuli kimoja kilizimikia sokoni, kimebeba fungu la mihogo. Kimoja kilikuwa kimeshika mkono wa mgonjwa. Cha Lihangwe kilikuwa kimesimama mbele ya vigingi vyekundu, na mbele yake Mama Walburga amekaa chini, amevipa vigingi vile mgongo, yuko na nyundo.

Cha Kilolo kilikuwa cha mwisho. Vidole vilisimama katikati ya msuko.

"Na yule mbuzi tulimwitaje baada ya hapo?" aliuliza Bi. Imakulata. Akangoja. "Twilumba? Mbona umenyamaza, mama?"

Ukuta ukawa mweupe.

6

Safari ilimchukua siku sita, kwa sababu Kampuni ilimfungia tiketi, na Eskil ndiye aliyemkatia nyingine kimyakimya na kumpa koti lake zito la manyoya. Hawakuagana kwa maneno mengi. Eskil alisema tu kuwa mashine za Lihangwe zimerudishwa, zahanati tisa zimefungwa, na kwamba yeye hajui alale upande gani. Twilumba alimjibu kuwa na yeye hajui.

Alipofika njiapanda ya kwao Kilolo, adhuhuri, akaona majani ya mgomba yamefungwa barabarani. Akaona viti, akaona turubai, akasikia kwaya. Mama, alisema moyoni. Nimechelewa, nimemuua.

Akakimbia na koti lake mkononi. Getini akazuiwa na mwanamke mnene aliyekalia kinu, kafunga kitambaa cheusi kichwani.

"Hupiti," akasema yule mwanamke. Aliijua sauti ile. Mama Walburga akamkagua toka utosini mpaka kisiginoni, akaona uso, akaona shingo isiyo na kibao, akaelewa. "Ehe! Tazameni mambo haya! Tumetoka Songea tumekalia matako siku mbili kuja kumlilia mtani wetu, kumbe marehemu ndiyo kwanza anafika kwenye msiba wake. Wahehe bwana, hata kufa mnachelewa!"

"Msiba wa nani?" aliuliza Twilumba.

"Wako! Mama yako amekataa mwili kuondolewa. Watu wa Kampuni wamekuja na gari lao, amewafukuza na mwiko. Amesema binti yake anazikwa kwa heshima. Ungekuwa wewe ungemwambia nini? Majirani wakaweka turubai." Akanyoosha mkono. "Na hapa hupiti bure. Toa kitu."

Twilumba alikuwa hana kitu. Akampa koti. Mama Walburga akalivaa palepale juani, jasho likimtiririka, akazunguka nalo mbele ya wafiwa kama bibi harusi, na ua mzima ukaangua kicheko. Twilumba alilia. Alilia waziwazi, mdomo wazi, na hakuna aliyemzuia, kwa kuwa kwenye msiba anayelia ndiye mwenye adabu.

Akapishwa.

Kivuli kilikuwa kimelazwa kwenye mkeka, kimefunikwa khanga mpaka kidevuni. Bi. Imakulata alikuwa ameketi pembeni yake. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umesukwa vizuri. Upande wa pili nywele nyeupe zilikuwa zimesimama ovyo, siku saba sasa, na wanawake walisema hakubali mtu aziguse.

"Shikamoo, mama," akasema Twilumba, akipiga magoti.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pole na safari." Macho ya mama yalipita usoni pake kwa upole, yakaenda zake. "Umetoka mbali? Ulimjua Twilumba wangu?"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akafungua mdomo kusema, Mama Walburga, aliyekuwa amemfuata Twilumba nyuma, akamkanyaga mguu.

"Nilimjua kidogo," akasema Twilumba.

"Alikuwa mwema. Kila siku yupo. Hakuniacha hata siku moja." Bi. Imakulata akaugusa upande wa kichwa usiosukwa. "Aliniambia atamalizia."

Kitana kilikuwa bado kwenye vidole vya kivuli. Twilumba akakitoa taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. "Nimalizie mimi, mama?"

Mama akakitazama kile kilicholala, kama anayeomba ruhusa. Kisha akajisogeza kwenye mkeka, akageuza kisogo.

Miaka tisa Twilumba hakuwa amesuka mtu. Akagawa nywele, akashika fungu la kwanza, na mikono yake ilikuwa baridi.

"Taratibu, binti," akasema mama yake. "Mwenzako alikuwa hanivuti."

Twilumba akalegeza mkono, akaanza upya.